Mashavu ya Ndambiri

Jumatano, 3 Juni 1987
Nimenenepa! Nimejitazama kwenye kioo asubuhi: mashavu mawili kamili. Miaka arobaini na minne nimekuwa mwembamba kama ufito, na leo nina uso wa mwenyekiti. Tena kwa wakati wake! Jumamosi ya wiki ijayo wakulima wa Kibugu tunachagua mwenyekiti wa kituo chetu cha majani chai. Mpinzani wangu ni Njoka, kaka ya mke wangu, mwenye tumbo la kuvuta kura mia. Mke wangu Rwamba ameuliza mbona viatu haviniingii. Nimemwambia unene huanzia miguuni. Hakucheka.

Ijumaa, 5 Juni
Kichwa kinauma. Mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika motoni, tena una povu. Nilipanga kunyamaza hadi kura zipigwe, lakini Rwamba ameuona kwenye beseni. Amesema twende hospitali, Embu. Nimegoma. Nimetaja kampeni. Nimetaja mvua.
"Baba Wambeti, vaa koti."
Nimevaa koti.

Jumamosi, 6 Juni
Wodini. Daktari ni binti wa Kimeru, Karimi. Amenibonyeza mguu, shimo likabaki kama kwenye unga uliokandwa. Presha iko juu. Akauliza kama niliumwa koo karibuni. Ndiyo, katikati ya Mei. Nilinunua vidonge dukani, nikameza siku mbili, vilivyobaki nikaweka akiba. Nilitarajia anisifu. Wapi!
Amesema mwili ulipopigana na vijidudu vya koo, mabaki ya vita yalikwama kwenye vichujio vya figo, vikavimba. Sasa damu na protini zinavuja mkojoni, huku chumvi na maji vikibaki mwilini. Kumbe mashavu yangu ni maji!
Nimeuliza kama kuna aina nyepesi zaidi, nibadilishiwe. Akasema iko ile ya vijidudu vinavyopanda kutoka kibofu, na homa na maumivu ya ubavuni. Iko ya dawa za maumivu zinazomezwa kama njugu. Iko pia inayojificha miaka mingi hadi figo zichoke kabisa. Ugonjwa wangu wengi hupona, wakitii. Nilale. Nimalize dawa ya vijidudu, nimeze za presha na za kutoa maji. Maji ya kunywa kwa kipimo. Chumvi hakuna. Hakuna kabisa!

Jumanne, 9 Juni
Mkojo wote unapimwa kwenye jagi. Ukiongezeka, ni dalili njema. Nikapata akili: jagi nimelijazia maji ya bomba, niruhusiwe kabla ya uchaguzi. Karimi amelitazama kwa muda.
"Mzee Ndambiri, leo figo zako zimetoa maji ya mto?"
Wodi nzima imecheka. Akaniambia taratibu kwamba nikidanganya kipimo atanitibu kama mtu aliyepona, nami nitakufa nikiwa na matokeo mazuri.
Jioni Rwamba ameleta viazi. Nimesema ni kama kutafuna sifongo, yeye hajui, kwake chumvi ipo. Akavuta kiti, akachukua kijiko, akala nami. Amesema tangu Jumamosi hajatia chumvi kwenye sufuria yake.
"Nilitaka kujua unakula nini."
Kisha, akitazama sahani, akauliza nikiondoka atachuma chai na nani.
Nimemaliza viazi vyote.

Jumamosi, 13 Juni
Siku ya kura! Nimevaa koti juu ya nguo za wodi, nikatoka kama mgeni. Langoni nimegongana na Njoka. Anaingia! Nimemuuliza mbona hayuko kituoni. Amesema Rwamba amelia nyumbani kwake, naye akajitoa.
"Shemeji, nitamshinda vipi mtu aliyelala kitandani? Ushindi gani huo?"
Nimekosa pa kutazama. Wakulima, kwa kuwa sote wawili hatupo, wamemchagua Kathambi, mama asiye na mashavu hata kidogo. Njoka amenishika mkono hadi kitandani, akanivua koti mwenyewe, kama mtoto.

Jumatano, 24 Juni
Nyumbani! Mkojo umerudia rangi yake. Karimi ameagiza presha na mkojo vipimwe kila mwezi, na nisinywe dawa yoyote ya kienyeji bila kumwuliza. Nimeapa mbele ya Rwamba. Akanishika kidole kimoja hadi stendi.
Sasa majirani watatu wamekuja kuniuliza habari za figo. Watatu kwa siku moja! Mtu wa ujuzi wangu akae bure? Nimechemsha nywele za mahindi ziwe dawa ya figo, nikaitia kwenye chupa kumi na mbili. Njoka atauza siku ya soko. Rwamba asijue. Nimeionja mwenyewe, vikombe sita. Figo zimenyamaza kimya. Nadhani zimeipenda.