Uzinduzi wa Vipima Sumu katika Chumba cha Rubani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wajumbe wa bodi, mameneja, mameneja wasaidizi na wanaokaimu nafasi za wasaidizi hao, mama mkwe wangu mpendwa, na zaidi ya wote rubani wa ndege ndogo ile pale, ambaye tangu mwezi uliopita ni mke wangu wa ndoa (vigelegele, mama mkwe anafuta machozi), itifaki imezingatiwa.

Mimi, Mkurugenzi wa Usalama wa uwanja huu, ninayo furaha kuwatangazia kwamba, kupitia mkakati shirikishi, jumuishi na endelevu niliouasisi mwenyewe, kila chumba cha rubani sasa kina kipima sumu cha kuonya kuhusu kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutoka kwenye bomba la moshi lililopasuka, ikapenya kwenye hita na kumlevya rubani akiwa angani. (Makofi.) Utafiti wetu umebaini kuwa asilimia mia moja ya marubani niliowaoa wameathirika. (Kicheko.)

Msicheke, ndugu zangu. Tulikwenda fungate kwa ndege hiyo hiyo, hita imewashwa, kichwa kikaanza kunizunguka, moyo ukanienda mbio, nami, mtaalamu mwenye vyeti ukutani, nikamwambia, "Mpenzi, nakufa kwa ajili yako." Naye akajibu kwa sauti ya kulegea, "Hata mimi kichwa kinaniuma, mume wangu." Nikajua basi, tumependana kupita kiasi! Akafungua kidirisha, hewa ikaingia, mapenzi yangu yakapungua nusu. (Kicheko kirefu. Rubani: "Waambie na uliponitapikia!") Na nilipomtapikia, ndiyo, asante mke wangu kwa mchango huo wa kitaalamu.

Bomba limezibwazibwa, lakini vipima ndivyo hivi, katika maboksi haya ya utepe, vya teknolojia ya kisasa kabisa...

(Mgeni Rasmi: "Fupisha, Mkurugenzi. Mkeo anirushe, nina kikao.")

(Rubani, akisimama: "Mume wangu, kwenye ndege yangu nimetafuta, hakuna kipima. Nimrushe, nisimrushe?")

(Mkurugenzi anaikunja hotuba yake na kumtazama mkewe.)

Macho hayo, waheshimiwa, ndiyo yaliyonifanya niseme "nimekubali" kabla sijaulizwa. Siwezi kuyadanganya. Usimrushe, mpenzi. Funguo ninazo mfukoni, na nitalala nazo mpaka bomba jipya lifungwe na kipima cha kweli kinunuliwe. (Minong'ono. Mama mkwe: "Mkwe wangu huyo!")

Kauli mbiu yetu, wote kwa pamoja! Kichwa kikiuma angani? (Wote: "Siyo mapenzi!") Rubani akisinzia? (Wote: "Siyo mapenzi!")

Mwisho, namshukuru mke wangu kwa kuniazima maboksi haya, yaliyoleta vikombe vya zawadi za harusi yetu na ambayo kwa sasa hayana kitu, kama ulivyo mradi wenyewe. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mama mkwe atakuonyesha kituo cha basi. Asanteni kwa kunisikiliza.