Upako wa Zafarani

Jumatano, 3 Septemba

Mke wangu Nthambi amebakisha siku kumi kujifungua, kwa hesabu ya kliniki. Miaka kumi na moja ya ndoa, mimba mbili zilizoharibika, na hii sasa imefika mwezi wa tisa. Asante Mungu! Nina furaha. Nina hofu pia, kubwa zaidi.

Nimeamua: hakuna mlango nitakaouacha bila kupiga hodi. Nthambi asijue. Yeye ameshasema, kliniki na maombi, basi. Namuunga mkono kabisa. Jumapili iliyopita nilisimama kanisani nikakemea hirizi kwa robo saa. Mchungaji Shem aliitikia amina mara nne. Wanatafuta mzee wa kanisa, na mshindani wangu ni Masila wa duka la mbegu peke yake. Masila hajui kukemea.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekwenda Kinango kwa mganga Chome. Mtu mpole sana. Amenipa hirizi ya kitambaa cheusi, niishone kwenye pindo la leso anayojifunga mke wangu. Sharti moja tu: isisikie haleluya mpaka mtoto azaliwe. Nimemweleza kwamba Nthambi ni mwanakwaya. Akasema basi ajitahidi. Nilipoaga alinishika mkono, akaomba kanisa letu liwaombee mvua. Kwao hata bwawa la ng'ombe limekauka. Nimemwandika kwenye orodha ya maombi.

Jioni, Mzee Iddi, jirani yetu hapa Mwabungo, ameniandikia kombe. Aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani, kisha akaziosha kwa marashi na maji. Nthambi anywe asubuhi na jioni. Mzee Iddi hakutaka chochote. Alisema mtoto ni wa mtaa mzima. Nilitokwa na machozi.

Kombe nimelimimina kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, ya kahawia. Nimeificha nyuma ya pipa la mahindi, kando ya mafuta ya upako ambayo Mchungaji alinikabidhi niyatunze. Nayo yamo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Ya kahawia. Sioni tatizo.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeona tatizo.

Asubuhi nilimkataza Nthambi kwenda ibadani, kwa sababu ya haleluya. Nikasingizia miguu imevimba. Akauliza yake au yangu. Nikampikia uji, nikatia vijiko vitatu vya kombe. Alikunywa vikombe viwili, akasema uji wa leo umelainika ajabu.

Kanisani, Mchungaji alifungua chupa niliyomletea, akamimina kiganjani. Ikachuruzika kama maji! Harufu ya marashi ikajaa mpaka kwenye viti vya nyuma. Vipaji vyote vya nyuso vikawa na michirizi ya manjano. Mchungaji akasita kidogo, kisha akapaza sauti kwamba huu ni upako mpya. Mama Syombua, ambaye bega lake lina mwaka mzima halinyanyuki, akainua mkono juu na kupunga. Shangwe! Nami nikashangilia, huku nikielewa kwamba mke wangu amekunywa mafuta ya zeituni.

Masila peke yake hakushangilia. Alijifuta usoni, akanusa kiganja, akaniangalia. Akanusa tena. Kwisha mimi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilikwenda kwa Mzee Iddi kuungama na kuomba kombe jingine. Mlangoni nikakumbana na Masila anatoka, kitu kimetuna chini ya shati. Chupa ya kahawia. Kumbe ndiyo maana aliitambua ile harufu! Tulisalimiana kwa adabu kubwa. Akasema ni mgongo. Nikasema ni mke. Tukaagana kama ndugu.

Mzee Iddi alicheka mpaka akafuta macho. Alisema maneno ya Mungu hayajawahi kumdhuru mtu kwa kupakwa usoni. Nashukuru kwa jirani wa namna hii.

Alhamisi, 11 Septemba

Uchungu umemshika asubuhi. Tuktuk mpaka hospitali, Msambweni. Njia nzima niliomba. Nilianza na Baba Yetu, nikamalizia na bismillahi. Kwenye matuta Nthambi akapiga kelele: haleluya! Mara saba, nilihesabu. Leso yenye hirizi iko kiunoni. Nikamsihi apige kelele nyingine yoyote. Akanipiga kofi.

Saa nane mchana mkunga alitoka. Msichana. Kilo tatu na robo. Mama mzima. Niliketi sakafuni nikalia mbele za watu, sikujali.

Baadaye Nthambi alinionyesha pindo la leso. Alijua tangu Ijumaa usiku, nilipoishona. Alisema nashona kama mtu anayefunga gunia. Nikamwuliza mbona hakuitoa. Akaniuliza, baada ya wale wawili, mimi ningethubutu kuitoa? Nilimshika mkono.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetangazwa mzee wa kanisa! Masila pia. Nimekemea hirizi, Masila akaitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Chome ametuma salamu: Kinango mvua imenyesha, analishukuru kanisa.

Mtoto tumemwita Shukrani. Amelala hapa mbele yangu huku naandika. Nani amemleta? Upako ulinywewa. Kombe walipakwa wengine. Hirizi ilisikia haleluya saba. Hakuna hata kimoja kilichofanyika kama kilivyoagizwa, na bado yupo, anapumua, ana kucha zote. Nashukuru wote waliohusika, na yeyote niliyemsahau anisamehe.

Lakini fundisho nimelipata. Mtu mzima, tena mzee wa kanisa, hawezi kuendelea kuchanganya mambo namna hii.

Shukrani amepiga chafya mara mbili tangu adhuhuri. Nimetoka mbio dukani nikanunua chupa tatu. Safari hii moja ya kijani, moja ya buluu, moja nyeupe.