Kioo cha Mama kwenye Gari la Bi Rahila

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimevunja kioo cha pembeni cha gari-nyumba tunalokodisha wageni! Mimi, karani, mtu wa barua na mafaili. Nikifukuzwa kazi, Mama na mimi tutakula nini?

Yote haya ni kwa sababu ya jino la Hosea. Dereva wetu aliamka na shavu limevimba, nikajitolea kulirudisha gari kutoka Ushongo. Ningekuja moja kwa moja. Lakini nilipokaribia njia ya Mwera, moyo ukanivuta. Nilitaka kuiona nyumba yetu ya kambini, kwenye shamba la mkonge, kabla haijaanguka yote.

Paa halipo. Mlango upo. Na ule msumari wa kioo ukutani upo bado! Nilisimama mbele yake muda mrefu, nikihisi harufu ya sabuni ya Baba ya kunyolea.

Wakati wa kutoka, korongo. Gari likalala kushoto, gogo la mti likagonga kioo. Imebaki fremu tupu.

Hapa ofisini Raskazone nimeliegesha upande wa kushoto ukielekea ukuta. Hosea ameuliza kwa nini gari linaona haya.

Jumanne, 5 Agosti

Bi Rahila, mwenye gari, yuko Wete harusini. Anarudi Ijumaa. Siku tatu!

Nimempigia fundi vioo, Yussuf. Hosea alikuwa mlangoni, shavu limefungwa kitambaa, masikio wazi. Nikitamka saiti mira ya gari nimekwisha. Nikasema tu nataka kioo, sentimita arobaini kwa ishirini, kisafi kabisa. Yussuf akauliza kama kiwe cha kupitisha mwanga. Nikajibu kipitishe, kaka, kipitishe! Nilidhani anazungumzia ubora.

Nimefurahia werevu wangu mchana kutwa.

Jumatano, 6 Agosti

Kioo cha dirisha!

Kilipofika nilikipachika kwa haraka, nikaketi kwenye usukani, nikatazama nyuma. Sikuona nyuma. Nilimwona Hosea, upande wa pili, ananitazama. Akasema: “Karani, umeitilia saiti mira dirisha. Pazia unaleta lini?”

Yussuf hakubali kosa. Anasema nilitaja kioo, akakata kioo. Kama nilitaka cha kujitazama, mdomo ninao. Vya kujitazama vitafika wiki ijayo.

Hosea ataficha siri kwa sharti moja: nimwamkie shikamoo kila asubuhi, hadharani. Amenizidi miezi saba!

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwamkia. Akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza kama nimekula.

Sasa niandike lile jingine, mkono ukikubali. Nyumbani tuna kioo cha Mama. Mraba, arobaini kwa arobaini. Baba alikinunua mjini mwaka niliozaliwa, akakifikisha Mwera juu ya lori la mkonge, amekipakata ndani ya blanketi kama mtoto. Kilining'inia kwenye ule msumari. Jumapili kabla ya Misa tulipanga foleni mbele yake: Baba ndevu, Mama kilemba, dada yangu Anastazia na mimi kuchanwa nywele huku tunalia. Wanne hatukuenea. Kila mara sikio la mtu lilibaki nje.

Nimemwambia Mama nakipeleka kusafishwa. Yussuf amekikata kati. Sauti ya mkato ilikuwa ndogo sana.

Nusu imeenea kwenye fremu barabara. Nyingine nimeirudisha nyumbani. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu unyevu wa pwani. Mama hakuyangoja. Alikitazama, akasogeza msumari chini kidogo, akasema kinatosha, siku hizi anayejitazama ni yeye peke yake.

Sikuweza kumaliza ugali.

Ijumaa, 8 Agosti, Nanenane

Sikukuu, lakini Bi Rahila hajui sikukuu. Ametoka bandarini moja kwa moja, akalizunguka gari. Akasimama kushoto. Akainama. Akaweka ushungi sawa.

Akaniuliza: “Baba, kioo hiki umekitoa wapi?”

Hapo ndipo ningesema kweli. Nilifungua mdomo, nikasikia unasema Mombasa. Nikaongeza kwamba cha zamani kilikuwa na ukungu, nikaona aibu kwa wageni.

Akasema vioo vya siku hizi vinadanganya, hiki kinamwonyesha mtu kama alivyo. Akaniita kijana mwenye macho. Hosea alikohoa mpaka kitambaa kikamwanguka.

Nimeokoka!

Jumamosi, 9 Agosti

Sijaokoka. Bi Rahila amelala akiwaza. Gari haliwezi kuwa na vioo viwili visivyofanana. Anataka na cha kulia, hicho hicho, cha Mombasa, kabla ya wageni wa Jumatatu.

Hosea alikuwa kando, anangoja jibu langu kwa raha zote.

Nimesema hakuna shida, Bi Rahila.

Mama ametoka kwenda kwaya. Nimesimama na rula mbele ya nusu iliyobaki ukutani. Arobaini kwa ishirini, kamili. Nitamwambia kimekwenda kusafishwa. Mara ya kwanza aliamini.