Fungate Yetu na Pacha wa Wifi Magreth

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya kumi na sita ya ndoa! Nimeamka kabla ya jogoo ili nimtazame Shukuru akiwa usingizini. Anakoroma kwa adabu. Ana vumbi la chuma kwenye kope, maana fundi wa kuchomelea haogi akatakata. Sijui ni mwanamke gani mwingine Singida nzima aliyepewa mume kama huyu. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Mama mkwe akakohoa upande wa pili wa ukuta.

Ukuta wetu haufiki kwenye bati. Hilo ndilo jambo pekee linaloharibu maisha yangu.

Lakini kuna nyumba mtaa wa Utemini! Vyumba viwili, aliijenga marehemu baba mkwe, na kuta zake zinafika juu kabisa. Nimezikagua mwenyewe. Ufunguo anao mama mkwe, umening'inia shingoni pamoja na msalaba wake. Leo ametuita sebuleni na kunieleza desturi ya ukoo wao. Bibi harusi hukabidhiwa mtoto wa wifi amwogeshe siku saba, peke yake, bila kusaidiwa. Siku ya saba mama mkwe anamnusa mtoto kisogoni na nyuma ya masikio. Akiridhika, bibi harusi anapewa nyumba yake. Hesabu inaanza leo, ingawa mtoto anafika kesho.

Kunusa mtoto! Kwetu Manyoni bibi harusi anasonga ugali tu, basi. Nilijizuia kucheka. Nyumba ni yangu.

Ila kuna wifi Selina, mdogo wake Shukuru. Anaitaka nyumba hiyohiyo afungue saluni. Ameshapima pa kuweka kioo. Wakati mama anaeleza desturi, yeye alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri wali uungue.

Jumanne, 2 Septemba

Wamefika na basi kutoka Kiomboi. Si mtoto mmoja. Ni pacha! Faith na Sixbert, mwaka mmoja na miezi tisa, wa wifi Magreth. Wanavutia kama vibuyu vidogo. Wifi Magreth akanikabidhi mfuko wa nguo, akasema hawapendi maji, akapanda basi la kurudi kabla sijauliza kwa kiasi gani.

Kwa kiasi hiki: Faith ameniuma mara mbili. Sixbert alipoliona beseni alikimbia uchi mpaka kwa muuza mkaa. Nilimrudisha akiwa mweusi kuliko alivyotoka. Walilia hadi majirani wakauliza kama kuna msiba.

Selina alikuwa mlangoni anasuka nywele zake. Akasema kwa upole kabisa kwamba yeye huwaogesha na kikombe kimoja cha maji, wala hawalii. Nikamwambia asante wifi, kila mtu na kipaji chake.

Shukuru alinipaka mafuta mahali nilipoumwa. Akakipuliza na kidonda. Ningeumwa mara ya tatu kwa ajili ya pumzi ile.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata njia! Nilikuwa naangalia simu huku nimejificha chooni, nikaona video ya meli ya kitalii huko Ulaya. Meli ya ghorofa kumi na mbili! Juu kabisa kuna kidimbwi cha watoto wadogo, maji yanafika kwenye vifundo tu, na katikati kuna uyoga wa plastiki unaonyunyiza maji kama mvua. Watoto hawakimbii. Wanacheka! Kumbe mtoto hachukii maji, anachukia beseni.

Nilimwomba Shukuru anitengenezee uyoga. Mume wangu hajui kuniambia hapana. Alitoboa matundu arobaini kwenye kitako cha ndoo, akaining'iniza kwenye kamba ya nguo. Nikajaza maji. Mvua nzuri kabisa ikanyesha!

Pacha wakajificha chini ya kitanda. Mama mkwe akatoka na gunia la alizeti, akauliza ndoo yake ya kupimia iko wapi.

Alizungumza Kinyaturu kwa muda mrefu. Nashukuru Mungu sikielewi.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimewafuta kwa kitambaa chenye maji wakiwa wamelala. Faith aliuma kitambaa bila kufungua macho. Selina akasema kumfuta si kumwogesha, na kwamba yeye hataki kumsemea mtu kwa mama lakini ukweli ni ukweli. Halafu akamsemea.

Mama ameamuru iwe ni maji ya kuonekana. Siku tatu zimebaki. Nilimlilia Shukuru begani. Akaniambia nyumba siyo kitu, hata tukiishi kwenye banda la kuku atanipenda. Nimeyaandika maneno haya nisiyasahau. Lakini nyumba naitaka. Nimechoka kucheka nikifukia uso kwenye mto wa kulalia.

Ijumaa, 5 Septemba

Sikilizeni akili yangu mimi Editha! Tatizo la uyoga lilikuwa nini? Hapakuwa na meli!

Shukuru ana rafiki anaitwa Stanley, ana chombo chake Ziwa Singidani. Mapipa kumi na mawili, mbao juu, turubai la bluu na viti vya plastiki. Maharusi hukikodi kupiga picha. Yeye mwenyewe anataka aitwe Kapteni. Shukuru ndiye aliyechomelea fremu, kwa hiyo Kapteni ametupa chombo Jumamosi na Jumapili kama zawadi ya harusi.

Fungate melini! Mimi na Shukuru wangu, upepo, maji, na pacha wanaoogeshwa kistaarabu kama watoto wa Ulaya. Mawindo mawili kwa mshale mmoja. Jioni tutalala gesti kando ya ziwa, na kuta zake nimeuliza, zinafika juu.

Mama mkwe alinitazama sana. Akasema haya, Jumapili baada ya ibada atakuja kunusa hukohuko. Selina akasema naye atakuja. Alikuwa anatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu, lakini nilikuwa na kazi ya kupanga mizigo: mche mmoja wa sabuni, taulo mbili, gauni la fungate, dumu moja la maji ya bomba.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku nzuri kuliko zote tangu niumbwe!

Meli imefungwa kamba kwenye kisiki na maji yanafika magotini, hatuendi popote, lakini ukifumba macho unasafiri. Kwetu Manyoni maji yote tunayaona ndani ya ndoo. Haya hayana mwisho! Ndege wa rangi ya waridi wamesimama kwa mguu mmoja kama wahudumu wa hoteli. Nilisimama mbele ya meli nikanyoosha mikono. Shukuru akanishika kiuno. Kapteni akatuomba tusisimame upande mmoja, mapipa yanainuka.

Niliwafunga pacha maboya, nikachota maji ya ziwa nikajaza karai kubwa, nikaning'iniza ile ndoo yenye matundu kwenye turubai. Nikasubiri kuumwa.

Faith akatumbukiza kidole. Akatumbukiza mkono. Akakaa ndani! Sixbert akamfuata na viatu vyake. Wakarusha maji, wakapiga kelele za furaha, wakasimama chini ya uyoga vinywa wazi, wakatema, wakacheka, wakarudia. Saa tatu nzima! Faith aliniita "Ditha". Machozi yalinitoka. Nilifikiri, Mungu akitupa wetu, naomba wawe na sauti hii.

Kasoro ndogo: sabuni. Nilisugua nusu ya mche na povu halikutoka hata la kujaza kijiko. Inaonekana muuza duka wa mtaani anauza sabuni zilizokufa. Nikaongeza kusugua. Shukuru akaanza kusema jambo kuhusu maji ya ziwa. Nikamwekea kidole mdomoni. Mpenzi, usiharibu fungate kwa mazungumzo ya maji. Akakibusu kidole, akakunja uso kidogo.

Kapteni naye akauliza kama nina maji ya kuwasuuzia. Nilikuwa nayo dumu zima, lakini niliyatumia kumwosha Shukuru miguu. Niliona ni jambo la kimapenzi. Lilikuwa.

Pacha walikaukia juani, wakawa weupe weupe kama wamepakwa poda. Kumbe hewa ya ziwa inang'arisha ngozi! Kesho nitarudia, maji yaleyale, muda mrefu zaidi. Nimelala nikiona ufunguo.

Jumapili, 7 Septemba

Naandika haya nikiwa nyuma ya ukuta usiofika kwenye bati.

Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Pacha walicheza tangu saa mbili hadi saa tano. Wenyewe walilivuta karai! Waliponilowesha nguo kwa kunirushia maji nilikuwa nacheka tu. Kisha nikawakausha juani juu ya mchanga, nikawavika nguo nyeupe, nikawapaka mafuta ya alizeti usoni wakang'aa. Mikononi na miguuni walikuwa na unga mweupe mzuri. Nikauacha. Nilijua utampendeza mama.

Akaja na kanga yake ya kanisani, Selina nyuma yake. Nikapiga magoti. Shikamoo Mama. Marahaba. Nikamwambia pacha wako tayari kwa kunuswa.

Hapo ndipo mbuzi wa Mzee Hosea walipotokea.

Kila mtu wa Singida anajua kwamba mbuzi huletwa pale ufukweni kulamba magadi. Kila mtu isipokuwa bibi harusi kutoka Manyoni. Walikuwa kama ishirini, wanalamba mawe taratibu. Kisha beberu mmoja mwenye ndevu akainua pua. Akamtazama Sixbert. Akaacha mawe.

Walikuja wote! Walimlamba Sixbert mikono, wakamlamba Faith shingo, masikio, tumbo. Nilimfukuza mmoja, wawili wakachukua nafasi yake. Shukuru alimvuta beberu pembe, beberu akamvuta Shukuru hadi majini. Mzee Hosea alikuwa anapiga mluzi huku ameshika mbavu kwa kicheko. Na pacha? Walikuwa wanacheka hadi wanakosa pumzi. Faith alimuuma mbuzi sikio, mbuzi akaona sawa.

Mama mkwe aliwapita mbuzi kama hawapo. Aliinama, akamnusa Faith kisogoni. Akanusa tena. Akapitisha kidole kwenye goti la Sixbert, akakionja. Akalitazama ziwa. Akanitazama mimi.

"Mwanangu Editha," akasema, "hawa ni wajukuu wangu au ni perege wa kukausha?"

Selina ilibidi akae chini mchangani kwa kicheko.

Ndipo nikaambiwa. Ziwa ni la chumvi! Tangu zamani! Shukuru alijua, Kapteni alijua, Selina alijua tangu Ijumaa. Nilimuuliza Shukuru kwa nini hakuniambia. Akasema, akiwa na jani la majini kichwani, kwamba nilimwekea kidole mdomoni, na kidole chenyewe kilikuwa cha chumvi. Nilishindwa kumkasirikia. Jani lilimpendeza.

Nilisubiri hukumu. Selina akasema basi yeye ataita fundi wa kioo kesho. Mama akamnyamazisha kwa jicho. Akanyoosha mikono kumchukua Faith akamsuuze, na Faith akakataa. Akanishika gauni la fungate kwa mikono yote miwili na kusema, "Ditha, maji. Maji tena."

Mama akashusha mikono. Akasema katika miaka yake yote hajawahi kuona mtoto wa Magreth akiomba maji. Akasema kwenye kunuswa nimefeli, mbuzi wenyewe ni mashahidi, lakini hawezi kumnyang'anya mtu watoto wanaomng'ang'ania hivi. Kwa hiyo nianze upya. Siku saba nyingine, maji ya bomba. Wakati huo Selina aweke vitu vyake Utemini kwa muda, na mimi nikishindwa tena, abaki huko moja kwa moja.

Akaurudisha ufunguo ndani ya blauzi. Niliutazama ukizama kama jua.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimetafakari usiku kucha kama mtu mzima aliyemaliza kidato cha nne. Nimekubali makosa yangu. Kosa lilikuwa mbuzi.

Suala la kuoga limekwisha. Pacha leo wameingia kwenye beseni la maji ya bomba kabla sijawavua, na sabuni imetoa povu hadi mlangoni, kwa hiyo muuza duka namwomba radhi. Selina alipita na kioo chake kichwani, pacha wakamrushia maji. Sikuwafundisha. Sikuwakataza pia.

Kilichobaki ni harufu tu. Mama ananusa, kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kunusa. Sabuni inaisha nguvu, mafuta ya alizeti yananukia kama jiko. Nilikuwa nawaza hivyo mchana huu ndipo Naftali, mjomba wake Shukuru, alipoingia kutoka Rungwa na zawadi yetu ya harusi iliyochelewa. Dumu la asali! Lita ishirini, bado ina masega, inanukia uani kote!

Nani atamkataa mtoto anayenukia asali? Siku ya saba nitawaogesha, nitawapaka kidogo kisogoni na nyuma ya masikio, kisha nitawakalisha nje juani, chini ya mti wetu wa uani wenye maua, wamsubiri bibi yao.

Shukuru ameuliza, taratibu, kama nimewahi kukaa karibu na nyuki. Nikamwekea kidole mdomoni. Safari hii kilikuwa kitamu.