Hanifa na Mwezi Mwandamo wa Ilomba

Njooni, enyi waja wenye masikio! Acheni uji upoe, tambi nazo zisubiri, msikilize tendo ambalo majeshi ya kale hayakuthubutu kulitenda: Hanifa binti Abdulkarim, simba jike wa Ilomba, Mbeya, aliupiga picha mwezi mwandamo kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Mwaka uliotangulia aliuona kwa macho yake, akawatangazia ndugu wa mumewe walioko Iringa. Wifi yake Shufaa, bingwa wa dhihaka, akawachekesha hadi wakwe: "Wifi, hiyo ni taa ya mnara wa simu!" Tangu hapo neno la Hanifa katika ukoo likawa na uzito wa pumba. Akaapa kwamba Ramadhani hii atawajibu kwa picha.

Basi magharibi ya mfungo wa ishirini na tisa, akiwa ameonja tende moja tu, alipanda juu ya stuli uani. Mawingu yakapasuka upande wa Mbalizi, hilali ikachungulia, nyembamba kama ukucha. Hanifa akainua silaha yake, akawasha flashi ili mwezi, maskini, usikose taa. Flashi ikapiga kama radi! Katika picha ikang'aa suruali ya mumewe kwenye kamba, mfano wa bendera ya jeshi lililokimbia.

"Jirani," akaita Mama Yusta, Mlutheri wa ng'ambo ya ukuta, "unaumulika mwezi kwa tochi? Si utauamsha!"

"Niache, Mama Yusta, heshima yangu inazama pamoja nao!"

"Zima tochi, basi. Na hiyo mikono ya njaa inatetemeka, iegemeze."

"Baba Nasri!" shujaa akamngurumia mumewe, Zubery. "Ewe mume niliyejaaliwa, leta kiroba cha mchele!"

"Ule wa Rujewa? Wa pilau ya sikukuu?"

"Bila mwezi, pilau ya nini?"

Zubery, ambaye katika vita vyote vya nyumba ile hajapata kushinda hata kimoja, akatii. Kiroba kikapandishwa ukutani, simu ikalazwa juu yake kama mfalme kitandani. Wingu likanyemelea, Hanifa akazuia pumzi, akabonyeza.

Ngawira ikawa kichirizi cheupe, kidogo kuliko punje, katikati ya giza tupu. Akakituma Iringa kwenye kundi la ukoo.

Shufaa hakuomba radhi, mabingwa hawaombi. Ila kabla ya isha, picha ile ile ilikuwa kwenye stetasi yake, na maneno: "Mwezi wetu tumeuona. Idi njema."

"Kaiba picha yako!" Zubery akafoka.

"Mwache," akasema Hanifa, akitabasamu kama mteka miji. "Mtu haibi asichokiamini."

Wanahistoria na waandike kwa wino mzito: siku hiyo, bila kumwaga damu wala punje ya mchele, Mbeya iliaminiwa na Iringa.