Sanduku la Zena Lakimbilia Makere

Jumatatu, 8 Septemba 2014

Hatimaye Kasulu imenitambua. Watu wa filamu wameshuka kutoka Dar, wanatafuta watu arobaini wa kuigiza wakimbizi, siku moja tu, Jumatano, kule Makere. Mimi nilikuwa wa pili kuandikwa. Ningekuwa wa kwanza ila Basile, yule Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayeuza vitenge mbele ya kibanda changu cha cherehani, ana miguu mirefu.

Mke wangu Zena yuko kwao Kibondo, wiki ya nne sasa. Baba yake, Mzee Tamimu, alisema binti yake atarudi siku nitakapopata kazi ya kueleweka. Basi ataelewa. Filamu itaonyeshwa kwenye banda la video la Kibondo, mzee atalipa kiingilio, atakaa benchi la mbele, na atakayemwona ni mkwewe. Nimemkumbuka sana Zena. Chai ninayojipikia hata paka haigusi.

Jumanne, 9 Septemba

Maelekezo: kila mtu aje na mzigo mmoja, kama anayehama nyumba asiyotegemea kuirudia, na nguo zilizochakaa. Eti zilizochakaa. Nchi nzima inakuona kwa mara ya kwanza, nawe umevaa kama sanamu la kufukuza ndege shambani. Wawaambie wengine.

Nimefungasha suti ya harusi, kama watahitaji waziri. Kanzu, kama watahitaji shehe. Koti la mvua. Viatu vya ncha. Kioo. Pasi ya mkaa ya kunyooshea suti, na mkaa wake, maana sitaki kuanza kuazima ugenini. Kiroba kikajaa kabla hata ya pasi.

Basi nimechukua sanduku jekundu la Zena, lile alilokuja nalo kutoka Kibondo akiwa bi harusi, wanawake wakiliimbia njia nzima. Nawajua watu wa hapa. Sanduku la mke likitoka nyumbani bila mwenyewe, ndoa imekwisha, wala karatasi haihitajiki. Lakini hiyo ni likielekea Kibondo. Hili linaelekea Makere. Vitenge vyake nimeviacha humo humo vikilinde kioo.

Jioni Basile kapita kunionyesha mzigo wake: sufuria moja, blanketi, chumvi, na vyeti ndani ya nailoni. Nikamuuliza kama haoni aibu. Akasema siku walipokimbia kweli walibeba hivyo hivyo, redio wakaiacha mezani inaimba. Nikamwonyesha pasi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimetoka alfajiri, sanduku kichwani. Jirani yangu Faudhia, muuza vitumbua na habari, akaniamkia kwa Kiha, mwakeye, macho yote kwenye sanduku. Akataka kujua naenda wapi na vitu vya Zena. Watu wa filamu walitukataza kusema. Nikamjibu kwa akili kwamba ya nyumba ile yamekwisha, naanza maisha mapya. Akaacha vitumbua vikaungua. Nilijisifu moyoni hadi stendi.

Kazi yenyewe: kukimbia kupanda mlima na mizigo. Mara nane. Basile anapanda kama anayekwenda kuchota maji. Mimi na pasi, mkaa, kioo, waziri na shehe, wote juu ya kichwa kimoja. Mara ya tano zipu ikaachia, pasi ikanishukia kidole cha mguu. Mwongozaji akasema nimelia vizuri sana.

Nikamuuliza kama uso wangu umeonekana. Akasema hapana, sanduku lilikuwa limeniteremkia hadi puani, ila lenyewe limetoka safi, jekundu lile linavuta macho. Basile kapewa kutamka maneno matatu. Mtu aliyekuja na chumvi!

Alhamisi, 11 Septemba

Kidole kimevimba. Mzee Tamimu kapiga simu mwenyewe, jambo ambalo hajawahi. Sauti ya upole. Akasema amesikia nilichofanya, akauliza kama ni kweli. Kumbe sifa zinasafiri haraka kuliko basi. Nikasema ni kweli tupu, tena mbele ya watu arobaini, mara nane, na nikiambiwa nirudie, narudia. Akauliza kama nilikuwa na akili timamu. Nikasema zaidi ya siku zote. Akasema watakuja kesho.

Wanakuja kunipongeza. Nimefagia ua na kununua soda.

Ijumaa, 12 Septemba

Hawakuja kunipongeza. Faudhia alimpigia Zena kwamba nimelitoa sanduku lake nje na kutangaza yamekwisha. Mzee Tamimu kaja na nduguye, na Zena mwenyewe, kushuhudia talaka niliyoitoa mara nane. Ikabidi Basile aitwe aape kwamba ulikuwa mchezo wa kuigiza. Akaapa, kisha akatamka yale maneno yake matatu, ingawa hakuna aliyemwomba.

Zena alikaa chini anakung'uta mkaa kwenye vitenge vyake. Akasema habari ya kazi ilikuwa ya baba yake. Yeye wiki nne amekuwa akiangalia barabara, kama nitakuja na wazee wawili kumchukua, kama waume wengine wanavyofanya. Akasema mlima nimeuweza mara nane, Kibondo imenishinda mara moja. Machozi yakanitoka, na safari hii si ya kidole. Nikaahidi mbele ya wote kwamba Jumapili nakuja na wazee wawili. Akasema atasubiri. Wakaondoka na sanduku lao.

Jumamosi, 13 Septemba

Wazee wamepatikana: Mzee Venanti na Mzee Kipriani, watu wazima, wenye koti. Suti nimeinyoosha.

Mchana mwongozaji kapiga simu. Picha za mlimani ziliharibiwa na jua, zinarudiwa Jumatatu. Anataka watu wale wale na mizigo ile ile, hasa sanduku jekundu, la sivyo picha hazitaungana. Na safari hii ameniahidi uso.

Kwa hiyo mpango umebadilika kidogo tu. Kesho tunakwenda Kibondo, mimi na wazee wangu wawili, kwa heshima zote, tunapiga hodi, tunaketi, tunaliomba sanduku. Mzee Venanti ameniuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Nimemwambia kwamba Zena mwenyewe tutamfuata Jumanne, kazi ikiisha. Amesubiri wiki nne, siku mbili hazitamshinda.