Bafta ya Mfalme

Wenzangu, leo nimeadhirika. Tena si mbele ya mtu baki. Mbele ya mama mkwe!

Kwa msionijua: kazi yangu ni kuwapeleka watalii Gombe kuangalia sokwe. Mwaka jana nilipata familia ya Wahispania, tukapatana sana, na tangu hapo najifunza Kihispania kwenye simu. (Maneno ninayoyajua ni machache, lakini nayatamka kwa kujiamini.) Likizo hii nikaanza kuwafundisha watoto wa mtaani kwetu hapa Ujiji, bure, sebuleni kwangu. Leo ni tarehe sita Januari, na kule Uhispania ni Siku ya Wafalme Watatu, wale mamajusi wa mtoto Yesu; wenyewe huwaita Reyes. Watoto wanaweka viatu mlangoni, wafalme wanapita na ngamia wao, wanaacha zawadi. Nikasema na sisi tutaifanya, wazazi waje waone.

Sasa, mama mkwe naye alikuwa anashuka leo kutoka Kalinzi, aliko na shamba lake la kahawa. Huyu mama tangu nilipomuoa binti yake ana swali moja tu: "Mwanaume anapeleka watu kuangalia nyani, hiyo nayo ni kazi?" Leo nilitaka anikute mwalimu, wazazi wananipigia makofi. Nilitaka aseme neno moja zuri juu yangu. Moja tu jamani!

Asubuhi mapema nikaenda dukani kwa Mzee Rajabu kununua vifaa vya mfalme. Joho nilitaka jeupe.

"Shikamoo, Mzee. Naomba bafta."

"Marahaba. Ya mtu mzima?"

"Ya mtu mzima. Mrefu kama mimi hivi."

Akakata kitambaa taratibu. Kisha akauliza, "Na pamba?"

Nikashangaa. Mzee huyu kajuaje habari za ndevu za mfalme? Nikasema ndiyo, na pamba.

"Na ubani?"

"Eh! Mzee, kumbe na wewe unawajua!" Maana wale wafalme zawadi zao zilikuwa dhahabu, ubani na manemane. (Dhahabu niliiruka, hali mnaijua.)

"Kila mtu ataupita mlango huo, mwanangu," akasema. Bei ya ubani akakataa kuipokea. "Poleni sana. Ni pale pale kwako?"

"Tumeshapoa, Mzee. Pale pale. Saa nne, karibu sana."

"Tutakuja wote, inshallah."

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nikawaza, watu wanasema Ujiji haina mwamko wa elimu. Mwamko ndio huu!

Mke wangu akaondoka kwenda kumpokea mama yake stendi ya bodaboda. Mimi nikatandika mikeka barazani kwa ajili ya wazazi. Watoto wakaanza kuingia, na viatu wakavipanga mlangoni. Hapa ndipo nilipojichimbia shimo, maana jana niliwaambia kiatu kikubwa kinaingia pipi nyingi. Basi watoto wa Ujiji, mnawajua, wamebeba viatu vya baba zao! Makubazi ya msikitini, raba, viatu vya ngozi vya mtu wa ofisini. Mlango mzima ukajaa viatu vya watu wazima.

"Mwalimu," akauliza mwanangu Nasra, "mfalme tunamwamkia hola au shikamoo?"

"Yote mawili. Sasa kimya kabisa. Mfalme akisikia kelele hapiti."

Nikashusha pazia, nikawasha ubani, nikaingia chumbani kuvaa. Bafta nikajitanda kuanzia begani mpaka kwenye vifundo. Taji la boksi la sabuni nikalibana kichwani. Pamba nikaibandika kidevuni kwa gundi, lakini gundi ikazidi, na pamba ikapanda mpaka kwenye matundu ya pua. Nikajitazama kwenye kioo. Mfalme mtupu! (Nisameheni. Kioo chenyewe ni kidogo.)

Sasa fikirieni mpita njia anayeiona nyumba hiyo. Mikeka barazani. Viatu vimejaa mlangoni. Ubani unafuka dirishani. Ndani kimya. Na Mzee Rajabu ameshasambaza habari kwamba kwangu kumenunuliwa bafta ya sanda.

Nikasikia watu wanaanza kufika. Wengi! Nikachungulia? Sikuchungulia. Nilitaka kuingia kwa kishindo. Nikasikia wanawake wawili chini ya dirisha.

"Ni nani lakini?"

"Hata mimi ndio nafika, shoga yangu. Ila mwenye nyumba simwoni."

Nikajua wanamuulizia mfalme. Mara nikasikia kilio. Nikasema wazazi wengine bwana, furaha kidogo tu machozi. Halafu ikapanda sauti ambayo ningeitambua hata usingizini. Mama mkwe!

"Yoo, mkwe wangu! Mwanaume hodari! Mtu wa watu! Tazameni alivyojaza watu! Nilimsema bure mimi, nilimsema bure!"

Wenzangu, nilitoka chumbani nikasimama nyuma ya mlango wa barazani, machozi yakanilenga, pamba ikalowa. Miaka yote nimelisubiri neno hilo! Nikajaza mikono pipi, nikaufungua mlango kwa teke.

"¡Felices Reyes!"

Na pipi nikazirusha juu.

Mtaa mzima ulikuwa barazani, kanga vichwani, unga na kuni miguuni. Wote walinitazama: bafta nyeupe, pamba puani. Pipi moja ikashuka ikamtua mama mkwe katikati ya paji la uso.

Kisha wakatimka! Mzee mmoja aliyekuwa akitembelea mkongojo tangu masika aliruka ukuta. Watoto nao wakatoka nyuma yangu wanapiga kelele, "Hola shikamoo! Hola shikamoo!" wakijitupa miguuni mwa watu kuokota pipi. Baba Shabani peke yake hakukimbia. Alikuja msibani peku, na sasa amesimama anayakodolea macho makubazi yake mlangoni kwangu.

Mke wangu akanisogelea, uso umelowa.

"Baba Nasra, hujafa?"

"Sijafa."

"Basi subiri wageni waondoke."

Nilieleza. Nilieleza mpaka koo likakauka: Uhispania, wafalme, ngamia. Vijana walikuwa wameshaondoka na majembe, ikabidi wapigiwe simu waache kuchimba. Nilimwomba Mzee Rajabu apokee bafta yake. "Bafta hairudi dukani," akasema, bila kucheka. "Itunze."

Nikamwendea mama mkwe, nimeinamisha kichwa, ndevu bado zimegoma kubanduka.

"Shikamoo, mama. Nisamehe kwa ile pipi. Lakini yale maneno uliyosema juu yangu nimeyasikia, na nimefarijika sana."

Akaimenya ile pipi, akaitia mdomoni, akaimumunya bila haraka.

"Yale nilimsemea marehemu," akasema. "Wewe nakujua."

Bafta nimeikunja, ipo kabatini. Siku nikizitamani tena sifa za mama mkwe, ninajua pa kuanzia. Na atakayecheka, msiba wake siji.